Kama tabia imo kwenye vinasaba, je, nimrudi mwanangu au nimwache?

SWALI

Shikamoo daktari. Naandika kutoka Tanga. Mwanangu wa kiume ana miaka 11. Alizaliwa mlegevu, hata kunyonya hakuweza. Mwaka jana sampuli ya damu yake ilipelekwa nje ya nchi, majibu yakaja kwamba ana hali inayoitwa Prader-Willi. Anachukua chakula popote, hata unga mkavu anabwia. Lakini kinachonimaliza ni hasira. Jambo dogo likibadilika, mfano tulisema tunakwenda kwa bibi halafu mvua ikanyesha, anauliza swali lile lile mara hamsini, kisha anapiga kelele, anatupa vyombo, anajing'ata mkono. Baada ya saa moja analia na kuniomba radhi. Baba yake anasema nimemdekeza. Mwalimu anasema ni jeuri. Mama mkwe anataka apelekwe akasomewe. Nimesikia wapo watafiti wanaochunguza tabia za watoto wa namna hii. Wamegundua nini? Na kama ni vinasaba, nimrudi au nimwache?

JIBU

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika ni huo mfuatano ulioueleza: badiliko dogo, swali lile lile, mlipuko, kisha machozi na radhi. Huko Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, kundi la watafiti lililokuwa chini ya Profesa Chris Oliver liliwahoji walezi wa watu wenye Prader-Willi kuhusu hasira hizi, zinavyoanza mpaka zinavyokwisha. Walichosimuliwa kinakaribiana sana na ulichoniandikia, hadi ile toba ya mwishoni. Wewe na wazazi wale hamjuani, hamkulea kwa namna moja wala hampiki chakula kimoja. Kinachowaunganisha watoto wenu ni kipande kimoja cha kromosomu ya 15, mojawapo ya nyuzi ndogo zinazobeba vinasaba ndani ya seli za mwili.

Kwa hiyo neno la "kudekeza" liweke pembeni kwanza, tuzungumze.

Prader-Willi ilielezwa na madaktari wa Zürich, Uswisi, mwaka 1956. Kila mmoja wetu ana kromosomu mbili za namba 15, moja ya baba na moja ya mama. Lipo eneo kwenye kromosomu hiyo ambalo nakala ya mama huwa imezimwa kwa kila binadamu, inayofanya kazi ni ya baba tu. Kwa watoto kama wako, ile ya baba haipo. Kwa wengi, takriban 7 katika kila 10, kipande cha baba kimekatika. Kwa wengine, kama robo hivi, mtoto amepata kromosomu zote mbili kutoka kwa mama. Simwambii baba yake haya ili lawama ihame kutoka kwako iende kwake. Karibu kila mara ni ajali inayotokea mbegu zinapotengenezwa au mimba inapotungwa, na hakuna chakula, kosa wala husuda iliyoileta. Hata hivyo itazame tena ile karatasi ya majibu uone imeandika aina gani. Watafiti wa Cambridge walionyesha mwaka 2002 kwamba wale wenye kromosomu zote mbili za mama wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata maradhi ya akili wakishakuwa watu wazima, kusikia sauti na kuwaza mambo yasiyokuwepo. Ukilijua hilo mapema, siku tabia yake ikigeuka ghafla hutasema "ni yale yale", utampeleka hospitali.

Wazo kwamba hali ya kijenetiki, yaani ya vinasaba (jeni), inaweza kuja na tabia zake si la zamani sana. Mwaka 1964 huko Marekani, Michael Lesch na William Nyhan waliandika habari za ndugu wawili wa kiume waliokuwa wakijitafuna midomo na vidole mpaka nyama zinatoka. Baadaye ikajulikana wanakosa kimeng'enya kimoja tu mwilini. Watoto wenye hali ile, mama, hulia wakiomba wafungwe mikono, kwa sababu wanaiogopa mikono yao wenyewe. Anayemwona mtoto wa namna hiyo hawezi tena kusema "anafanya makusudi". Mwaka 1972 Nyhan akapendekeza kwamba tabia nazo zihesabiwe katika sura ya ugonjwa, kama vile umbo la uso au urefu wa mtu.

Upande mwingine walikuwapo wanasaikolojia walioangalia mazingira peke yake. Mwaka 1982 huko Baltimore, Marekani, Brian Iwata na wenzake waliwachukua watoto tisa wanaojiumiza, wakawaangalia katika hali tofauti: mtu mzima akimsemesha mtoto kila anapojipiga, mtoto akipewa kazi na kuachiwa anapojipiga, mtoto akiwa peke yake, mtoto akicheza bila kudaiwa chochote. Ikaonekana tendo ni lile lile lakini sababu ni mbali mbali. Mmoja alijipiga apate kutazamwa, mwingine aachiwe kazi, na wapo waliojipiga hata pasipo mtu. Kazi ile imebadilisha fani yangu nzima, kwa sababu ilitufundisha kuuliza "tendo hili linampatia nini?" kabla ya kuuliza "nimzuieje?"

Kwa miaka mingi kambi hizi mbili hazikusikilizana. Huyu anasema jeni, yule anasema malezi, ndivyo ilivyo hata nyumbani kwako. Utafiti ulionisaidia mimi kazini ni ule uliozikutanisha.

Nikupe mfano wa hali nyingine kabla sijarudi kwa mwanao. Ipo inayoitwa Smith-Magenis, inatoka kwenye kromosomu ya 17. Watoto wake hawalali usiku, wanasinzia mchana, na hasira zao ni kali mno. Wazazi walilaumiwa hivyo hivyo. Walipopimwa, ikaonekana homoni ya usingizi, melatonini, kwa wengi wao inatoka mchana badala ya usiku, saa ya mwili imepinduka. Tena watoto hawa wana kiu kubwa ya kutazamwa na mtu mzima, kuliko kawaida. Sasa chukua mtoto aliyekesha, mwenye kiu hiyo, mweke kwenye darasa la watoto sitini na mwalimu mmoja. Mlipuko utakaotokea saa nne asubuhi umetoka wapi, kwenye jeni au darasani? Ukijibu kwa kuchagua kimoja utakuwa umeacha nusu ya ukweli. Na wapo wenye hali nyingine ya kuzaliwa nayo, inayoitwa Cornelia de Lange, ambao wengi wana asidi inayopanda kutoka tumboni. Mtoto asiyeweza kusema "kifua kinaniunguza" anajipiga, na mara nyingine dawa ya tumbo inapunguza kile ambacho fimbo isingekigusa.

Sasa tuje kwa wako. Mwaka 2009 Kate Woodcock, akiwa na Oliver na Glyn Humphreys hapo Birmingham, alichapisha kazi iliyofuata njia kutoka kwenye jeni mpaka kwenye kelele, hatua kwa hatua. Waliona kwamba watu wenye Prader-Willi wana udhaifu mahususi katika kuhamisha akili: kuacha jambo ulilokuwa umelishika na kushika jingine. Badiliko linapokuja ghafla, kazi ile ya kuhama inamzidi uwezo, mwili unapanda joto, moyo unakimbia, anaanza kuuliza na kuuliza. Yale maswali hamsini yanayokuchosha, mama, ni ya mtu anayetafuta pa kushika. Mlipuko unakuja pale anapokosa.

Mfikirie mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, imejaa hadi ukingoni, halafu ukamwita kwa nyuma ageuke haraka. Mwingine atageuka bila kumwaga tone. Huyu shingo yake haina uwezo huo, maji yatamwagika, na kumchapa kwa sababu amemwaga hakumpi shingo mpya. Ila ukimwita kwa mbele, taratibu, akakuona, atageuka.

Ndipo jibu la swali lako linapoanzia. Jeni haikuandika "tupa vyombo". Imeandika ugumu wa kuhama. Kati ya ugumu huo na chombo kinachoruka zimo hatua kadhaa, na kwenye hatua hizo wewe una mikono.

Kundi lile lile lilijaribu jambo jepesi: kutoa ishara kabla ya badiliko, ishara ile ile kila mara, na kwa baadhi ya watu milipuko ilipungua. Kwako inaweza kuwa kipande cha karatasi ngumu ya rangi moja, tuseme ya njano, isiyotumika kwa kazi nyingine yoyote. Asubuhi mna picha ya nyumba ya bibi ukutani. Mawingu yakianza kutanda, usingoje mvua. Unaweka karatasi ya njano juu ya picha, unasema mara moja kwa sauti ya kawaida, "Mpango umebadilika. Leo tunabaki, kwa bibi ni Jumamosi," na unaweka picha ya kitakachofanyika badala yake. Hicho cha badala kisikosekane, maana kumwambia "hatuendi" bila kumpa pa kwenda ni kumwacha hewani. Akiuliza tena, usibishane wala usijieleze upya, mwonyeshe picha kwa kidole. Akiuliza mara ya kumi, kidole tena. Anza kumzoesha siku za utulivu, kwa mabadiliko madogo ambayo hata hayamuumi, mfano kubadilisha kikombe.

Na hapa nikuonye juu ya kosa ambalo wazazi wengi wanalifanya kwa mapenzi. Wakiona mtoto hataki mabadiliko, wanaigandisha ratiba: njia ile ile ya shule, kiti kile kile, wimbo ule ule, miaka nenda miaka rudi. Kuna siku chache za amani, nakubali. Lakini mwaka 2015 watafiti hao walionyesha kwamba kadiri ratiba inavyofuatwa kwa muda mrefu bila kubadilika, ndivyo mlipuko unavyokuwa mkubwa siku inapobadilika. Ratiba anaihitaji, hilo halina mjadala. Basi ndani yake acha nafasi ya kubadilisha kitu kimoja kidogo kila siku chache, kwa ishara.

Chakula ndicho kinyume chake: huko usilegeze hata kidogo. Sehemu ya ubongo inayotuambia "nimeshiba" haimwambii ipasavyo, na misuli yake ni michache kwa hiyo mwili wake unahitaji chakula kidogo kuliko wenzake. Huko Cambridge Profesa Tony Holland na wenzake waliwaachia watu wenye hali hii wale watakavyo, wakawa wanawauliza njaa yao ikoje. Walikula kupita wenzao kwa mbali, shibe ilichelewa kufika, ilipofika haikukaa. Kwa hiyo anapobwia unga mkavu, usimfikirie kama mwizi. Ana njaa ambayo mimi na wewe tunaijua siku chache za maisha, yeye anaamka nayo na kulala nayo.

Madaktari wawili wa Pittsburgh, Marekani, Linda Gourash na Janice Forster, wana kanuni ninayoipenda: pasiwe na shaka chakula kitakuja lini na ni kipi, pasiwe na tumaini la kupata cha ziada, na pasiwe na kuvunjwa moyo. Lile la katikati linasikika la kikatili. Lakini tumaini ndilo linalomtesa. Jikoni pakiwa wazi, akili yake haitoki jikoni hata dakika moja. Nimeona binti aliyekuwa akisimama mlangoni kutwa nzima akilitazama kabati. Walipotia kufuli, na ufunguo akauvaa mama shingoni, siku tatu zilikuwa za vita. Wiki ya pili alikaa chini akachora. Mama yake aliniletea michoro ile, mabasi mengi ya rangi, akasema hakujua kama mwanawe anajua kuchora.

Ushauri huu uliandikwa kwa nyumba zenye jiko la ndani na friji. Kwetu moto uko uani, sinia ni moja kwa watu sita, jirani akipika anaita watoto wote, na kona ya mtaa yuko anayekaanga maandazi. Kwa hiyo kufuli peke yake haitoshi. Mpakulie sahani yake, isiyochanganyika na sinia, iwe imejaa mboga ili jicho lake lione imejaa. Mwendee muuza maandazi na mwenye duka, waeleze kama unavyoeleza habari ya mtoto mwenye kisukari, watu wetu wanaielewa lugha hiyo: "Mwanangu ana ugonjwa, ukimpa unamdhuru, hata akilia." Kwenye harusi na hitima mteue mtu mmoja wa kukaa naye, na umwambie kabla ya kutoka nyumbani atakula nini na saa ngapi. Ramadhani nyumba nzima inahamisha saa za kula, ndiyo maana wazazi wengi huniambia ule ndio mwezi mgumu. Anza kumwonyesha picha za ratiba mpya wiki mbili kabla.

Dawa zipo, na niseme kwa ufupi. Homoni ya ukuaji inatumika tangu mwaka 2000 Marekani kwa watoto hawa, inajenga misuli na urefu, ila si dawa ya njaa. Machi 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza kabisa ya kupunguza ile njaa isiyo na kikomo. Ni habari njema na nimeifurahia sana. Lakini usiisubiri, wala usiitafute mitandaoni. Inaweza kupandisha sukari na kujaza maji mwilini, inahitaji daktari anayemfuatilia mtoto kwa karibu.

Utafiti mwingi niliokutajia umefanyika Ulaya na Marekani, na hili linaniuma, kwa sababu tabia huota kwenye udongo wa mahali. Ng'ambo ya mpaka tu kutoka kwenu, Kilifi, watafiti wa KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa afya cha Kenya, wamekuwa na mradi wa NeuroDev, unaochunguza vinasaba na ukuaji wa watoto wa Kenya na Afrika Kusini, uliopangwa kuwafikia watu wapatao 5,600. Kazi za namna hiyo ndizo zitakazotuambia watoto wetu wanaishije na hali hizi kwenye nyumba zetu.

Sasa "nimrudi au nimwache". Kama kumrudi ni kumchapa, usimchape. Sisemi hivyo kwa huruma tu. Katikati ya mlipuko hawezi kujifunza lolote, na fimbo ni badiliko jingine la ghafla juu ya lile lililomshinda. Tena watoto hawa wengi hawasikii maumivu kama sisi, utazidisha kipigo bila kujua umemfikisha wapi. Kama kumwacha ni kumpa anachotaka ili anyamaze, hapo pia hapana, kwa sababu hapo ndipo kazi ya Iwata inapokuhusu: hasira iliyompatia andazi leo, kesho itarudi kudai andazi. Wakati wa mlipuko punguza maneno, ondoa vyombo na watoto wadogo, kaa karibu bila kumkodolea macho, ngoja. Akitulia, yale machozi ya radhi yapokee, usimsomee mashtaka. Kesho yake, ameshiba na amelala vizuri, ndipo unamrudi kwa maana ile ya zamani ya neno, ya kumrejesha njiani: mnafanya mazoezi ya kusema "nisaidie" au kukupa kadi pale anapohisi joto linapanda. Edward Carr na Mark Durand walionyesha mwaka 1985 kwamba mtoto akipewa neno linalomfikisha pale pale tabia mbaya ilipokuwa ikimfikisha, tabia ile hupungua. Lakini neno hilo liwe na nguvu. Akisema "nisaidie", acha ulichoshika, nenda.

Baba yake mpe kazi ya daftari. Kwa wiki mbili aandike kila mlipuko: saa ngapi, nini kilitangulia, kilichukua muda gani, mtoto alipata nini mwishoni, alilala vipi usiku ule. Akina baba wengi nimewaona wakibadilika kwa daftari kuliko kwa maneno yangu. Akianza kuona kwamba saba kati ya kumi zinafuata badiliko, neno deko linakauka lenyewe mdomoni. Daftari hilo hilo mpelekeeni mwalimu. Na kama mtoto anakoroma na kusinzia mchana, liandikeni pia, maana wengi wao hukatika pumzi usingizini, na usingizi mbovu huzidisha kila kitu.

Mama mkwe mheshimu. Dua sikatazi, na bibi anayemwombea mjukuu ni hazina kwenye nyumba hii. Ninachokataa ni mtoto kufungwa, kuchapwa, au kunyweshwa kitu cha kumtapisha.

Na hilo la kutapika ulibandike ukutani jikoni, na shuleni pia. Watoto wenye Prader-Willi ni nadra kutapika, na tumbo likiharibika wanaweza wasilalamike. Siku akitapika, au tumbo likivimba, au yeye anayekimbilia chakula akakikataa, hasa baada ya shughuli ambako huenda alikula kwa kujificha, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali saa ile ile, mwambie daktari wa zamu jina la hali yake, na mwombe aliangalie tumbo hata kama mtoto anasema haliumi.